Mkoba Uliobaki Iringa

Nilikuwa kwenye kibanda cha msusi mjini Ndola, nywele zangu nusu zimesukwa nusu zimesimama, wakati msichana aliyekaa pembeni yangu alipofungua kichupa cha dawa ya kufutia rangi ya kucha. Harufu ilinifikia kabla sijageuza shingo. Ilikuwa harufu ya ndizi mbivu iliyosahauliwa chini ya kapu mpaka ikaanza kutoa maji, imechanganyika na ukali wa spiriti. Niliinuka nikatoka nje. Msusi alinifuata mlangoni na kitana mkononi.

"Mama, nimekuvuta sana?"

"Hapana. Nataka hewa tu."

"Hewa na kichwa hicho? Watu watakucheka."

Walicheka kweli, vijana wa gereji ya jirani, nami nikawaacha wacheke. Ningemwambia nini yule msusi? Kwamba kucha za mteja wake zinanuka pumzi ya baba yangu?

Nimehama miji mingi maishani. Kila nifikapo pageni nasema hapa ndipo, nitatulia, na haupiti muda nakunja tena vitenge vyangu vya kuuza na kutafuta gari. Wenzangu tuliokua pamoja Mbeya huniuliza nikipita nyumbani, "Wewe mwanamke, huko unakozunguka umepoteza nini?" Huwa nawajibu kwa mzaha. Siku ile, nimesimama Ndola na kichwa cha mwendawazimu, niliona heri nijibu siku moja kwa maandishi, maana kwa mdomo huwa sifiki mwisho.

Wale wa rika langu wataikumbuka Mbeya ya utoto wetu. Baridi ya asubuhi ilikuwa inauma vidole vya miguu mpaka unalia, ukungu unashuka kutoka mlima Loleza na kukaa kwenye mabati kama mtu asiye na haraka. Tulikaa upande wa barabara ya kwenda Mbalizi, nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje. Baba alikuwa bwana shamba. Alizunguka kwa baiskeli kuwafundisha wakulima wa kahawa kupogoa matawi, akirudi jioni na udongo mwekundu hadi magotini, anaimba. Kwao ni Rungwe, na Mama pia, kwa hiyo nyumbani tulisema Kinyakyusa, na Kiswahili tulikivaa tukitoka nje kama viatu.

Ugonjwa wake ulianza kwa maji. Alikunywa kata baada ya kata, akasimama mtungini kama ng'ombe wa kiangazi, na bado akasema kinywa kimekauka. Halafu akaanza kukonda. Suruali yake ya kaki aliifunga kwa kamba, na nyimbo zikakatika. Nyuma ya nyumba, pale alipokwenda haja ndogo usiku, asubuhi tulikuta siafu na sisimizi wamejipanga kama wanakwenda gulioni. Majirani waliona, na midomo haina kufuli. "Huyu kalishwa kitu," walisema. "Mtu hakondi hivi hivi. Kule kwa wakulima anakokula kula, hakosi aliyemwekea." Mama alifukia mahali pale kwa majivu kila asubuhi.

Kisha ikaja ile harufu. Baba alikuwa amelala, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na chumba kizima kikanukia ndizi mbivu. Mimi nilidhani ameficha ndizi kitandani. Nilipekua chini ya mto wake, nikapekua chini ya blanketi, nikachukia kwamba anakula peke yake. Siku hiyo hiyo walimbeba kwenye machela hadi hospitali ya misheni, nami sikumwona tena hadi mvua za kwanza zilipoanza.

Alirudi amenenepa kidogo, amebeba mkoba wa ngozi ya kahawia wenye kifungo cha shaba. Ndani ya mkoba mlikuwa na maisha yake yote, ingawa mimi niliona vichupa tu. Kulikuwa na bomba la sindano la kioo, sindano za chuma ambazo alizinoa taratibu juu ya kijiwe cheusi, taa ndogo ya spiriti, kineli chembamba cha kioo cha kupimia mkojo, chupa ya maji ya buluu, na chupa ndogo ndogo zenye vifuniko vya mpira. Hizo za mpira ndizo tuliziita dawa ya Baba. Jina lake la insulini nililijua ukubwani.

Kila asubuhi alichemsha bomba kwenye sufuria ambayo hakuna aliyeruhusiwa kupikia. Halafu alidondosha matone ya mkojo wake kwenye yale maji ya buluu ndani ya kineli, akakishika juu ya taa ya spiriti mpaka kikachemka. Mimi nilipiga magoti kando yake nikitazama. Maji yakibaki buluu, Baba alitabasamu na kunipa nizime taa. Yakiwa ya kijani, aliguna. Lakini kuna siku yaligeuka mekundu kama tofali, na siku hizo hakusema na mtu. Nilielewa nilivyoelewa: kwamba Baba alikuwa anapika siku. Kwamba siku nzuri na siku mbaya zilikuwa zinatoka ndani ya kile kioo, na kwamba angekubali kuongeza maji ya buluu kidogo, tungekuwa na siku njema daima. Nilimwambia hivyo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Dawa yenyewe ilikaa ndani ya chungu, nacho kimezikwa nusu kwenye mchanga uliolowa, kwenye kona ambako jua halifiki. Daktari alikuwa amewaambia kwamba ikipata joto inakufa, na ikiganda kwa baridi inakufa pia. Basi, kila kinachokufa si kina uhai? Niliamini kuna kitu hai ndani ya zile chupa, kidogo sana, kinachopenda kivuli. Baba alikuwa na desturi ya kuinua chupa kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuvuta dawa. Ikiwa nyeupe kama maji ya chemchemi, alisema, "Iko hai." Nami nikaitikia, "Iko hai," kama tuko kanisani.

Haya yote yalikuwa siri ya nyumba. Baba hakutaka ndugu wajue. Ndugu wakijua, alisema, kesho yake watakuja na shauri la kumrudisha Rungwe atafutiwe aliyemfanyia, na ofisini watamwona mtu nusu. "Mimi ni mzima," alimwambia Mama. "Mzima mwenye mkoba."

Basi akachaguliwa kwenda Uingereza kusomea kahawa. Sijui kama ninaweza kuwaeleza vijana wa leo jinsi habari ile ilivyokuwa. Mtu wa barabara ya Mbalizi kupanda ndege! Watu walikuja kumwangalia tu, kama wanataka kukumbuka sura. Daktari wa misheni alikubali aende, akampa dawa za kutosha na barua ya Kizungu ya kuonyesha mahospitalini, na akamwekea sharti moja ambalo Mama alilirudia asubuhi na jioni kama sala.

"Usiutoe mkononi."

"Sitautoa."

"Chini ya ndege wanakoweka mizigo kuna baridi. Itakufa."

"Nitaupakata, mke wangu. Kama mtoto."

"Na ukitoka?"

"Natoka nao."

"Na ukienda chooni?"

"Nitakuita uje uushike," alisema Baba, na Mama akampiga na kitambaa cha jikoni.

Mama alikuwa mjamzito, karibu kujifungua, kwa hiyo kabla ya safari mimi nilipelekwa Iringa kwa shangazi yangu Tusekile, dada pekee wa Baba. Aliolewa huko na Mhehe mmoja mrefu, mchoma matofali, mtu wa maneno mengi. Shangazi alinipenda kama mwanawe, maana wake hawakukaa. Alikuwa mwanamke wa adabu za zamani. Mgeni akionekana bondeni amejitwisha mzigo, yeye alikwisha kushuka kilima kumpokea. Alisema mtu anayemwacha mgeni afike mlangoni na mzigo wake hana tofauti na mtu aliyemfukuza. Na mimi alinifundisha hivyo hivyo. "Ukimwona mtu na kitu mkononi, kwanza pokea, ndipo usalimie. Salamu haina uzito, mzigo unao."

Ndege ya kutoka Mbeya ilikuwa inatua Iringa kuchukua watu kabla ya kuelekea Nairobi. Shangazi hakulala kwa furaha. Alichinja jogoo akamchoma, akachemsha viazi, akakaanga karanga, na juu ya hayo akaweka chupa ya asali ya porini ambayo mume wake aliifuata mbali kabisa, kwa watu warina asali. Vyote aliviweka kwenye kikapu kipya, akafunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kaka yake hangekwenda Ulaya kama yatima.

Tulifika kiwanjani mapema, tumevaa nguo za Jumapili, na ukoo mzima wa mume wa shangazi nyuma yetu. Ndege ilishuka na vumbi lake. Abiria wakaruhusiwa kunyoosha miguu, na Baba akatokea mlangoni, amevaa koti jeusi la kuazima, mkoba umekumbatiwa kifuani kwa mikono yote miwili. Alishuka nao. Aliahidi kutoka nao, akatoka nao. Angeuacha tu pale juu ya kiti chake, akashuka mikono mitupu kama walivyofanya Wazungu wale, leo ningekuwa naandika mambo mengine, au pengine nisingeandika chochote.

Shangazi alikimbia. Alipiga goti mbele ya kaka yake palepale vumbini, na kabla salamu haijatoka, mikono yake ilikuwa imeshika mkoba.

"Aa, huu niache nao, dada," Baba alisema.

"Niuache na nani? Kaka yangu abebe mzigo mbele yangu, mbele ya wakwe zangu? Unataka waseme Tusekile hana malezi?"

Nilimwona Baba akisita. Wakwe walikuwa wanatazama, wanawake wa Kihehe wamesimama mstari, wanapiga makofi ya heshima na kusalimu kikwao, "Kamwene, kamwene!" Angesemaje? Angesema humu mna ugonjwa wangu? Akalegeza mikono. Shangazi akautundika mkoba begani mwake, akasimama ameshiba heshima.

Hapo mume wa shangazi akamvamia kwa utani. "Shemeji! Kweli unakwenda kwa Malkia? Kule hakuna migomba, Mnyakyusa utaishije?"

"Nitaishi, shemeji. Ila nyinyi fungeni mbwa wenu vizuri, nisije nikarudi nikakuta mmekwisha kuwala."

"Tukikosa mbwa tutakuja kukuchinja wewe, umenona!"

Watu wakafa kwa kicheko. Baba aliniinua juu, mimi mtoto mkubwa mwenye miguu mirefu, akaniuliza kama ninamsaidia shangazi kazi. Nilinusa koti lake: sabuni, na spiriti kidogo. Halafu mashine za ndege zikaanza kunguruma, mtu akapiga kelele abiria warudi, na kila mtu akaanza kulia na kusema kwa wakati mmoja. Shangazi alimtia kile kikapu mikononi, kizito, cha moto bado, kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Baba akakipokea kwa mikono miwili. Ndivyo alivyoondoka. Mikono ilikuwa imejaa, kifua kimekumbatia kitu, na mwili haukumwambia kwamba kuna kilichopungua. Alipanda ngazi kinyumenyume, akitutazama.

Mlango ulipofungwa ndipo nilipoona kifungo cha shaba kinang'aa kwenye nyonga ya shangazi.

Nilipiga kelele, "Dawa ya Baba!" Shangazi akajitazama, akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwa mtu mzima. Alikimbia katikati ya vumbi, khanga imemwanguka, mkoba ameuinua juu ya kichwa. Mtu wa kiwanja akamshika kiunoni. Ndege ilikuwa imefika mwisho wa njia yake, ikageuka, ikaja na kupita, ikanyanyuka. Nadhani Baba alikuwa upande mwingine wa madirisha.

Nilimweleza karani wa kiwanja yote niliyoyajua: chungu, mchanga, maji ya buluu, kitu kinachokufa. Alinisikiliza kwa upole hadi mwisho. "Usilie, mtoto. Anakwenda Nairobi. Nairobi hakuna dawa inayokosekana. Atakwenda dukani, atanunua nyingine." Watu wazima wote wakashika neno hilo, wakapeana. Nairobi hakuna kinachokosekana. Mume wa shangazi alilisema njia nzima ya kurudi. Lilikuwa neno la kweli. Dawa Nairobi ilikuwepo.

Yaliyompata huko tuliyasikia baadaye sana kutoka kwa mtu wa kwetu Rungwe, mpishi wa Wazungu, aliyekuja Mbeya kwa likizo na kukaa kwenye kigoda chetu akizungusha kofia yake mikononi. Ndege kubwa ya kwenda Ulaya ilikuwa imeharibika. Abiria wakaambiwa wangoje, leo, kesho, kesho kutwa. Wazungu walipelekwa hotelini, na Baba akapewa kitanda kwenye mabweni ya watumishi karibu na kiwanja. Siku hizo Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari. Mtu mweusi mgeni hakutembea mjini bila cheti cha kumruhusu, na Baba hakuwa nacho. Alijaribu mara ya kwanza kwenda kutafuta dawa, askari wakamrudisha. Alijaribu tena, akafika kwenye duka la dawa, akaulizwa barua ya daktari. Barua ilikuwa Iringa, ndani ya mkoba. Akaambiwa nenda hospitali, na njia ya kwenda hospitali ilikuwa na askari wale wale.

Alikunywa maji. Huyo mpishi aliambiwa na waliolala bwenini na Baba kwamba yule Mtanganyika alikuwa anamaliza ndoo. Kikapu chake aliwagawia wote, hakula. Halafu akaanza kuyumba, anapumua kwa nguvu, macho yameingia ndani, na pumzi yake inanuka. Mkubwa wa mahali pale aliinama akamnusa mdomo, akasema, "Amelewa." Wakamweka kwenye benchi la nje apigwe na upepo, pombe imtoke. Watu walipita, wengine wakamtania, "Mzee, hiyo ya wapi, tuelekeze!" Mpishi alikuwa anapita na kapu la sokoni aliposikia mtu anaomba maji kwa Kinyakyusa. Alimwendea. Alikuwa wa kwanza kumshika mkono. Na yeye, alipomnusa, alidhani vilevile amelewa, ila alidhani ni mlevi wa nyumbani, kwa hiyo akakaa naye. Baba alifia pale, jua likiwa bado juu, kichwa chake kwenye mapaja ya mtu huyo.

Nasi Iringa tulikuwa tunatunza dawa.

Nilimwonyesha shangazi kila kitu. Tulichimba mchanga mtoni, tukaulowesha, tukazika chungu kwenye kona ya nyumba isiyoonwa na jua. Shangazi hakunikaripia hata mara moja kwa kutomwambia zamani. Aliuliza tu mambo, polepole, na kila jibu lilimkunja zaidi. Nilipomwambia kwamba Baba hanywi chai ya sukari aliniuliza, "Na asali?" Sikujua. Nilisema Baba haruhusiwi vitu vitamu. Akaenda nyuma ya tanuri la matofali, akakaa huko. Alimtuma dereva wa lori apeleke habari kwa Mama Mbeya: kaka amesahau mkoba, nilimpokea, niko nao, nitaupeleka ndege ijayo. Kila asubuhi niliinua chupa kwenye mwanga kama Baba. Nyeupe, kama maji ya chemchemi. "Iko hai," nilisema, na shangazi, akiwa amesimama nyuma yangu na mikono kwenye mdomo, akaitikia. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Nilijua kwamba kitu kile kilikuwa kipande cha Baba kilichobaki nyuma, na kwamba kwa kuwa kilikuwa hai huku, na yeye alikuwa hai huko.

Ndege ijayo ilikuja na mvua. Tulisimama kiwanjani, maji yanatutoka puani, chungu chini ya khanga ya shangazi. Tuliisikia ikizunguka ndani ya mawingu, mara karibu, mara mbali. Kiwanja kilikuwa tope tupu. Ikazunguka tena, halafu sauti ikaenda kaskazini na kuisha. Karani alitikisa kichwa. Shangazi akasema, "Basi naipeleka Mbeya mwenyewe, waipakie hukohuko ndege inakoanzia."

Tukapanda basi. Njia ilikuwa imekatika mahali pengi, tukalala Makambako, tukasukuma gari kabla ya Chimala. Muda wote huo shangazi alikipakata chungu, mkoba umo ndani pamoja na mchanga wake. Utingo, kijana mwenye meno yaliyopishana, hakumwacha.

"Mama, hicho kina pombe ya ulanzi nini? Tuonje basi, njia ndefu."

"Endesha gari lenu."

"Siendeshi mimi, nasukuma tu. Lete nikupokee, nikiweke juu na mizigo mingine. Mikono itakufa ganzi."

"Sipokelewi," shangazi alisema. "Mpaka mlango wa kaka yangu."

"Mna nini humo, kwani? Mna roho yako?"

"Ya kwake."

Abiria walicheka. Utingo alicheka pia, halafu alimtazama usoni, akaacha, na hadi tunafika hakumtania tena.

Tulishuka barabarani mchana, mawingu yamekaa chini. Shangazi alijitwisha chungu, akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndege nilimsikia akiimba kidogo puani. Alikuwa amefika. Alikuwa ameleta. Tulipopinda kwenye njia ya nyumbani tuliona moto uani mchana kweupe, na wanaume wamekaa kwenye magogo. Kisha tukasikia wanawake. Mimi nilifurahi kuona watu wengi. Nilidhani Mama amejifungua. Na kweli alikuwa amejifungua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, mtoto mchanga mapajani, na bibi zangu wamemzunguka. Simu ya maandishi ilikuwa imefika kabla yetu. Iringa hakuna aliyekumbuka kupeleka habari.

Nilimkimbilia. Alinivuta akaniketisha ubavuni. Hapo ndipo kilio kilipokatika, kidogo kidogo, kuanzia walio nje hadi waliokuwa ndani, na watu wote wakatazama upande mmoja.

Shangazi alikuwa amesimama mwanzo wa uwanja, chungu kichwani, mikono miwili imekishika. Alikwisha kuelewa. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini hakulia kwa sauti, maana mtu hawezi kuanguka akalia huku ana mzigo kichwani. Lazima kwanza apokelewe. Hata msibani, zaidi ya yote msibani, mtu akifika huinuka mmoja akamtua, ndipo yeye ajitupe chini na wenzake. Kila mwanamke aliyekuwa pale alijua hivyo tangu kunyonya. Na kila mwanamke alimtazama Mama.

Mama hakuinua macho.

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Mama, dawa iko hai! Nimeiangalia leo." Mtu mmoja nyuma yangu alishika mdomo. Halafu nikainuka, maana nilikuwa nimefundishwa: ukimwona mtu na kitu, kwanza pokea. Lakini mkono wa Mama ulikuwa umeshika gauni langu kwa nyuma. Ulinirudisha chini, taratibu, kwa nguvu ambayo sikujua anayo mzazi wa juzi. Sikuhuzunika. Nilifikiri amenikumbuka sana siku zote zile na hataki niende mbali. Nikamwegemea.

Shangazi alisubiri hadi viwiko vyake vikaanza kutetemeka. Mchanga ulimwagika kidogo, ukamtelemka shingoni. Kisha alipiga magoti pale pale njiani, akashusha chungu mwenyewe.